Kichwa cha Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Siku njema ya kuanza shajara. Mke wangu kazini, watoto shuleni, mimi likizo, duka la mapazia nimemwachia msaidizi. Na ufunguo wa chumba cha treni cha baba mkwe uko mfukoni mwangu!

Nieleze, ingawa shajara hii ni ya siri. (Mama watoto, kama unasoma, funga hapa hapa.) Baba mkwe aliendesha treni maisha yake yote. Alipostaafu akajitengenezea treni ndogo chumba cha nyuma: meza ndefu inayokaribia kujaza chumba, reli nyembamba, stesheni, handaki la karatasi ngumu. Vichwa vya treni anavyo vingi, lakini kipenzi chake ni kimoja, Kichwa Cheusi, mfano wa kile alichokiendesha mwenyewe. Wenzake wa karakana walimpa siku ya kumuaga. Hukifuta vumbi kwa leso yake na haruhusu mtu mwingine akiguse.

Sasa mzee kapelekwa mji mwingine kutolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili, moja baada ya jingine, na mama mkwe yuko naye. Watarudi Jumapili; mama mkwe ameniachia funguo zote niwaangalizie nyumba. Kabla ya kuondoka mzee alitutangazia sote sebuleni kwamba macho yamemchosha. Akirudi, chumba cha treni na vyote vilivyomo atamkabidhi mmoja wa wakwe zake.

Wakwe tuko wawili. Mimi, na mwanyumba wangu, mume wa dada mkubwa wa mke wangu. Fundi wa lifti. Shati limenyooshwa hata akiwa nyumbani kwake peke yake, nimewahi kuchungulia. Mwezi uliopita alikifungia Kichwa cha Kijani mtambo wa kisasa. Zamani ukiwasha umeme, kila kichwa kilichoko relini kinaondoka, kipende kisipende. Sasa kichwa kinafungiwa kijidude ndani, kinapewa namba, nawe ukikiita kwa namba hiyo kwenye kisanduku kinaitika peke yake. Mzee alimpiga begani akasema ahsante, mwanangu.

Mwanangu! Mimi nimo katika familia hii tangu yule hajaonekana hata kwenye picha, na mpaka leo naitwa Bwana Pazia. "Mwambieni Bwana Pazia asogeze kiti." Naumia. Naandika wazi: nataka kuitwa mwanangu.

Mpango: nitakifungia Kichwa Cheusi kijidude hicho, kwa mikono yangu, kabla ya Jumapili. Mzee atafungua macho mapya, atakuta kipenzi chake kinaitika. Lifti inapanda na kushuka tu, ina ugumu gani?

Nimekaa chumbani humo mchana wote nikipima kwa macho. Saa kubwa ya stesheni ukutani inagonga kama inanisema. Inachelewa, na hiyo nayo mzee hataki iguswe. Nimeiacha. Jambo moja kwanza.

Jumanne, 5 Machi

Madukani. Nimeomba king'amuzi cha treni, ndilo jina la kijidude kile. Muuzaji akauliza nataka chaneli ngapi. Nikasema kichwa kiende mbele na nyuma na taa ziwake. Akaniangalia, akamwangalia mwenzake, akaniletea kiti nipumzike kwanza. Maduka mengine mambo yalikuwa hayo hayo. King'amuzi kimoja nilichoonyeshwa ni kikubwa kuliko treni nzima!

Mwishowe nimefika kwa fundi redio wa mtaa wa nyuma, ambaye kibanda chake kimejaa redio zilizopasuliwa. Akanielewa mara moja. Akachakura kopo, akatoa kitu kama ukucha wa kidole gumba, kina mikia ya rangi rangi. Kilibaki kwa mteja mmoja aliyehama. Akasema huo ndio ubongo wa kichwa, na kwamba kabla ya kuuweka lazima nitenge mota na bodi, zisigusane hata kidogo, la sivyo unaungua. Nikamwambia asinifundishe. Akaniazima na chuma cha kulehemu.

Nyumbani, mke wangu kaniuliza nimeshika nini. Nikajibu king'amuzi, nakwenda kukifunga kwa baba yake. Sikusema uongo. Amefurahi mno, kanikumbatia, kasema hatimaye mzee atatazama mpira. Furaha ya mke si kitu cha kusahihishwa ovyo.

Jumatano, 6 Machi

Kijasho chembamba tangu asubuhi. Nimefunga mlango wa chumba cha treni kwa ndani, nimetandaza taulo, nimekilaza Kichwa Cheusi chali. Kizito ajabu. Kila nilipolegeza skrubu nilimsikia mzee akikohoa nyuma yangu. Ilikuwa saa.

Gamba limetoka! Ndani mna mota, na mota imekalia bodi ya chuma. Kutenga. Wengine wangehangaika na gundi na plastiki, lakini mimi nina fani yangu. Nimekata kipande cha mahameli nyekundu, nimekipinda ukingo vizuri kwa sindano, nikaivalisha mota chini kama godoro. Kazi safi. Nikairudishia mota skrubu yake.

Kulehemu ni jambo jingine. Risasi iliyeyuka ikaanguka popote ilipopenda, ikiwemo kwenye suruali. Vidole viwili vimeungua. Lakini mikia yote imeshika! Nikakiweka kichwa relini, nikawasha kisanduku, nikapiga moyo konde, nikabonyeza.

Kikatoa moshi. Uzi mwembamba wa moshi kutoka kwenye bomba, na kwa kufumba na kufumbua nilifurahi, nikadhani ndivyo kinavyotakiwa. Kisha harufu. Nikakaa sakafuni.

Nikatoka uani nikampigia fundi redio. Alikuwa na redio zimewashwa, ikabidi nipige kelele. Nimekifungua kichwa cha mzee! Nimeweka ubongo mpya! Kimetoa moshi! Aliposikia kuhusu mahameli akauliza skrubu ya kushikilia mota ni ya nini. Ya chuma. Akacheka mpaka nikakata simu. Skrubu imetoboa godoro langu na kuunganisha mota na bodi vilevile kama zamani. Ubongo ndiyo basi, na koponi hakuna mwingine.

Nilipogeuka nilimwona shemeji yangu, yule dada mkubwa, kwenye geti na bakuli la matunda. Bakuli likaanguka. Akageuka, akakimbia.

Nadhani kasahau kitu nyumbani.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ya balaa.

Nimeitwa kwa mwanyumba asubuhi. Nimekuta sebule imejaa: mke wangu analia, shemeji analia, jirani mmoja analia kwa kuwasindikiza. Mwanyumba kasimama katikati, shati limenyooka, uso umekunjamana. Nikajua nimeumbuka. Kichwa Cheusi kimegundulika.

Shemeji akaniuliza, huku akishikwa na kwikwi, kama ni kweli kichwa cha baba kimefunguliwa. Nikaona heri kuwa muungwana. Nikakiri kimefunguliwa. Akauliza na ubongo? Nikasema ule wa kwanza umeungua, lakini natafuta mwingine. Jirani akapiga ukelele. Mke wangu akaniuliza kichwa chenyewe kiko wapi sasa. Nikamwambia kiko kabatini, nimekifunika kwa taulo.

Shemeji akazimia. Namaanisha kweli kazimia, palepale juu ya zulia.

Ilichukua muda, na maji mengi ya kumwagia, kabla mambo hayajaeleweka. Alisikia mazungumzo yangu ya simu, akaamini madaktari wamempasua mzee kichwa badala ya jicho, na kwamba mimi nimearifiwa nikaficha. Nikawaeleza ni kichwa cha treni, nilikifungua kukipaka mafuta tu. Ubongo ni lugha ya kifundi. Moshi ni wa mafuta. Mke wangu akaacha kulia akanitazama kwa jicho ninalolijua. Mwanyumba alitabasamu kidogo sana, upande mmoja wa mdomo.

Lakini kabla hatujafika huko, shemeji alishampigia mama yake. Mama mkwe kawavamia madaktari, kamshika mmoja koti, kataka kuhesabu nyuzi kwenye kichwa cha mumewe. Vurugu wodi nzima. Mzee, jicho moja likiwa na bandeji, akaomba atajiwe maneno yenyewe kama yalivyosemwa. Kichwa, ubongo, moshi. Mama mkwe anasema aliuliza swali moja tu: nani ana ufunguo wa chumba chake.

Akaomba aruhusiwe kwenda nyumbani. Daktari, nadhani kwa kumwogopa mama mkwe, kamruhusu upesi.

Wanarudi keshokutwa! Si Jumapili tena, Jumamosi!

Maji yamenifika shingoni.

Ijumaa, 8 Machi

Fundi redio hana ubongo mwingine. Hakuna mtu mwenye ubongo. Nimekaa chumba cha treni mbele ya Kichwa Cheusi kilichovuliwa gamba, na nimekaribia kulia. Kipo hapo na mahameli yake, kimekufa, na kesho mwenyewe anarudi na jicho jipya.

Ndipo nikamwona Kijani.

Kaegeshwa karibu na handaki, anang'aa, mzima, ana ubongo mzuri ambao hautumiki. Si wizi, vyote viwili ni mali ya mzee. Ni uhamisho tu, kama mtumishi anavyohamishwa kituo. Na kuna faida ya pili: kesho mwanyumba ataita Kijani chake mbele ya watu wote, na Kijani hakitaitika. Uso utamshuka! Kisha mimi nitaomba nafasi kwa unyenyekevu.

Nimekifungua Kijani. Kazi ya yule bwana inatia hasira, kila waya umekatwa sawasawa na umelala kama nywele zilizochanwa. Nimeutoa ubongo. Safari hii nimeitupa skrubu ya chuma, nimekata ndoano ya plastiki ya kuning'inizia pazia, nimeichonga, nimeipachika. Inashika kuliko skrubu! Nani mwingine angewaza hivyo?

Nilipokuwa nalehemu waya za mwisho, mlango ukagongwa. Mwanyumba. Anataka kuingia akague Kijani kabla ya kesho. Nikamjibu kwa ndani kwamba nimepaka rangi sakafuni, haikanyagiki. Akauliza rangi gani. Nikasema ya sakafu. Nikaona vivuli vya miguu yake chini ya mlango, havisogei. Nilikuwa nimeshika waya wa chungwa na wa kijivu, ile miwili ya mota, na risasi ilikuwa inapoa. Chungwa huku au kule? Sikukumbuka. Kikaratasi cha maelekezo nilikuwa nimekikalia. Nikaogopa kunyanyuka kisije kikachakacha. Potelea mbali! Nikaunganisha.

Aliondoka baadaye sana. Nimerudishia magamba yote mawili, nimefuta alama za vidole, nimekiweka Kichwa Cheusi stesheni, kwenye ncha ya meza, pua ikielekea handaki. Sikukijaribu. Kelele ingesikika, na getini walikuwa wanaingia watu wa kuja kusafisha nyumba.

Lakini kiko sawa. Nahisi kiko sawa.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika kwa mkono mmoja. Mwingine umeshika barafu.

Mzee alifika mchana. Jicho lililopasuliwa mwisho bado limefunikwa, la kwanza jipya, linaona kila kitu. Aliona utando wa buibui darini. Aliona mvi za mama mkwe, akazisifu. Alipofika kwangu alisimama akanitazama vidole vyenye malengelenge, kimoja kimoja, akasema habari za kazi, Bwana Pazia. Hakuuliza kuhusu kichwa. Ningependa angeuliza.

Tukaingia chumba cha treni sote: yeye kwenye kigoda chake, mama mkwe nyuma yake, mabinti wawili mlangoni, mwanyumba na mimi kwenye meza. Mke wangu alininong'oneza mbona haoni televisheni. Nikamfinya.

Mzee akamwambia mwanyumba aanze. Alisema, tuoneshe, mwanangu.

Mwanyumba akachukua kisanduku, akaandika namba ya Kijani, akazungusha kitufe polepole, kwa madaha. Kijani kimya. Akazungusha tena kidogo. Kimya. Jasho likamtoka, doa dogo likatokea kwenye shati. Nakiri nilisikia raha mpaka kwenye nyayo. Nikasema, kwa sauti ya kusikitika sana, huenda waya umelegea chini ya meza, ngoja mimi nimsaidie ndugu yangu. Nikaingia chini nikitambaa, nikaanza kujitokeza upande wa pili, bado kwa magoti, kwenye ncha ya stesheni, ili nione uso wake vizuri.

Yeye huko juu akaona heri azungushe kitufe mpaka mwisho.

Sasa jambo ambalo sikulifikiria. Namba haikai kwenye kichwa, inakaa kwenye ubongo. Ubongo wa Kijani, na namba yake, niliuhamisha mwenyewe. Alikuwa anamwita Kijani, na aliyeitika ni Cheusi.

Nilisikia magurudumu juu yangu, sauti tamu kabisa. Nilifurahi! Kinatembea! Ila waya wa chungwa ulikuwa umekwenda upande wa kijivu, na kichwa badala ya kwenda handakini kilirudi nyuma, kwa nguvu zake zote, kuelekea ncha ya meza.

Mke wangu akapiga kelele, "Kichwa!"

Angesema treni ningejua la kufanya. Mtu akisikia kichwa hufanya nini? Nikainua changu.

Kikaniangukia hapa juu ya paji, kizito chote, chuma kitupu, kikaviringika kifuani nikakidaka kwa mikono miwili. Niliona nyota za rangi zote. Kupitia nyota hizo nikamwona mzee kapiga magoti sakafuni, yeye ambaye daktari kamkataza kuinama, akiuliza kwa sauti iliyokatika kama kichwa ni kizima.

Nikamjibu kinauma, baba, lakini kizima.

Akasema hakuulizia changu.

Alikichukua. Akatoa leso, akakifuta. Jicho lake jipya lilikuwa limejaa machozi, naye hatakiwi kulia kwa sababu ya dawa. Hapo niliona aibu. Naandika kwa sababu ndiyo kweli, niliona aibu sana, na nilitamani kingenivunja pua. Kile kitu ndicho walichompa wenzake, na wengi wao hawapo tena.

Akaomba bisibisi. Akavua gamba. Akakuta mahameli nyekundu, yenye pindo, na ndoano ya pazia. Akavua gamba la Kijani, akakuta patupu. Mwanyumba akanigeukia. Wote wakanigeukia. Ilibaki saa ya ukutani tu kusema.

Kisha mabega ya mzee yakaanza kucheza. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alisema miaka yote kwenye reli hajawahi kuona kichwa kilichoshonewa godoro. Akacheka mpaka mama mkwe akamshika bandeji. Akaniwekea mkono begani, pale pale alipompiga mwanyumba, akasema: "Mwanangu, nakuomba, usiguse tena kitu chochote chumbani humu."

Akaning'iniza ufunguo shingoni mwake kwa uzi. Chumba hatapewa mtu. Macho anayo sasa, vichwa vyake atavitazama mwenyewe, na vyote virudi kwenye umeme wa zamani. Kisanduku akamrudishia mwanyumba. Shati la mwanyumba lilikuwa limekunjika. Nilimwonea huruma kidogo.

Jumapili, 10 Machi

Nundu imekuwa kubwa kama limau. Shemeji kaja kuniona, kaniuliza kama kichwa kimefunguliwa. Sikucheka.

Lakini mzee ameniita mwanangu! Mbele ya mashahidi! Nimeamka nalo, nimenywa nalo chai. Mke wangu anasema nikumbuke na maneno yaliyofuata. Nimemweleza kwamba sentensi ina mwanzo na ina mwisho, na mtu mwenye moyo mzuri huchukua mwanzo. Akasema kile king'amuzi ningejifungia mimi. Ana hasira za televisheni, zitapita.

Na nimetafakari maneno yenyewe. Alisema "chumbani humu". Hakusema kwingineko.

Mchana tulikwenda kumjulia hali. Kwa kuwa sasa anaona, kaamuru ile saa ya stesheni itolewe chumba cha treni ihamishiwe sebuleni, mbele ya kiti chake. Amekaa anaitazama, akalalamika kwamba inachelewa. Alilalamika kwa masikio yangu haya. Kisha akaenda kulala.

Sebuleni si chumbani humu.

Nimeileta nyumbani ndani ya gunia la mapazia. Mgongo nimeshaufungua. Kuna spiringi ndefu imeruka nyuma ya kabati, lakini zilizobaki ni nyingi, na nimeshapata kipande kizuri cha mahameli, cha bluu safari hii. Tayari haichelewi tena. Imesimama.

Kesho ataniita mwanangu tena, nina hakika.